Vaileth Jilala Hakukimbia Jeshi

Vaileth Masalu Jilala alizaliwa Mhunze, wilayani Kishapu, tarehe 9 Machi 2004, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Masalu Jilala na Bi Mariana. Alipokuwa na miaka mitatu, viungo vilimuuma hata akawa hashikiki. Vipimo vilionyesha seli mundu, ugonjwa wa damu aliozaliwa nao. Wazazi hawakulitoa jambo hilo nje ya nyumba, na alipokua akalificha mwenyewe, kwani hakupenda kuonewa huruma.

Alisoma shule ya msingi Mhunze, kisha sekondari mjini Shinyanga, akiishi Kambarage kwa shangazi yake Bernadina, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Siku za baridi alivaa soksi mbili na sweta hata ndani ya nyumba. Wenzake walimtania kwamba anajiandaa kwenda Ulaya, naye alicheka nao. Alimaliza kidato cha sita Mei 2024.

Mwezi huohuo wahitimu waliitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, na yeye akiwemo. Baba yake alitaka aombewe msamaha mapema.

"Baba, sheria imeniita na mimi," alisema Vaileth. "Niache niende. Kama siwezi, waniambie hukohuko."

Aliripoti kambini na begi lake, akawaeleza ukweli pale wahitimu walipopimwa afya. Daktari wa kambi, mama wa makamo, alimpima, akakaa naye kwenye benchi.

"Afande, hata jikoni nitafaa," Vaileth alimsihi.

"Mwanangu, jikoni nako watu wanaamka alfajiri, wanabeba maji kwenye baridi. Nikikuacha hapa nitakuwa nimekuua. Sheria inakuruhusu kurudi nyumbani, na wala si aibu."

Alikaa kambini siku mbili akisubiri usafiri, akiwatazama wenzake wakijifunza kwata. Kisha akarudi nyumbani. Kwa muda mrefu hakutaka kuona picha walizotumiana wenzake wakiwa na sare.

Mwaka huo wazazi walikuwa wamehamia Masumbwe, ambako Bwana Masalu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Vaileth akapata kazi ya kufundisha chekechea. Aliwafundisha watoto kwata ile aliyoiona kwa macho tu, wakapiga hatua uwanjani kushoto kulia, na wazazi wakaanza kumwita Afande Vaileth. Lakini maneno yalishamfikia: kwamba alitoroka kambini. Baba yake alitaka kuwaeleza watu ukweli, naye akamzuia. "Bora waniite mtoro, Baba, kuliko waniite mgonjwa."

Marehemu hakujaliwa kufunga ndoa. Alikuwa mchumba wa Luka Ndaki wa Ushirombo, kijana pekee ambaye Vaileth alimweleza ugonjwa wake, kwa ahadi kwamba hatamwambia mtu. Washenga walipokwenda kwa Mzee Ndaki, baba yake Luka, walirudi mikono mitupu. Mzee alikuwa amesema, "Aliyeshindwa miezi mitatu ya jeshi, nyumba ya mwanangu ataiweza?" Luka aliumia sana, lakini hakuivunja ahadi.

Septemba 2025 maumivu yalimrudia kwa nguvu, na homa juu yake. Alilazwa tarehe 15. Siku ya pili alimwita mama yake: "Mama, nimechoka kuficha. Mwambieni baba yake Luka."

Bi Mariana alipiga simu. Kesho yake asubuhi Mzee Ndaki alifika na Luka, wakatoa damu wote wawili. Kisha mzee akasimama kando ya kitanda, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba," Vaileth alimwamkia kwa sauti ndogo.

Mzee aliinama karibu naye. Akamwita mama, kwa Kisukuma: "Marahaba, mayu. Nilikusema vibaya."

"Hukujua, baba."

"Sikuuliza."

Mzee Ndaki yupo hapa kati yetu, na ni yeye aliyeomba maneno hayo yasomwe mbele ya watu. Siku ile pale kitandani alisema washenga warudi Vaileth akipona. Hali ilibadilika ghafla, na alfajiri ya Ijumaa tarehe 19 Septemba 2025 Vaileth alifariki dunia, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama yake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na majirani wa Masumbwe na Mhunze. Ameacha wazazi wake. Mdogo wake Marselino. Bibi yake Mageni. Shangazi yake Bernadina. Mchumba wake Luka. Na watoto wa chekechea, ambao hadi jana walikuwa wakiuliza atarudi lini.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali ambapo mwili hauumi. Amina.