Mama Birigita wa Makongeni

Ndugu waombolezaji, mchungaji, majirani wa Makongeni na wageni wetu wa kutoka mbali, historia hii imetungwa na familia na inasomwa na Nalianya, mpwa wa marehemu, na tunaomba radhi mapema, kwa sababu kuna mahali tulikubaliana, kuna mahali tulibishana, na kuna jambo moja ambalo hadi alfajiri ya leo lilikuwa likimwumiza kichwa mume wa marehemu, Mzee Patrobas Wekulo.

Phelister Khavere alizaliwa karibu na Vihiga mwaka wa 1931, mwaka wa nzige, ingawa dada yake anashikilia kwamba nzige walikuwa wameshaondoka. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akaja Nairobi mwaka wa 1955, akashona sare katika kiwanda kimoja cha Industrial Area hadi alipostaafu mwaka wa 1981. Tarehe 7 Desemba 1957 alifunga ndoa kanisani na Patrobas, fundi wa reli, wakapata nyumba hapa Makongeni. Baada ya ndoa husomwa watoto, lakini sehemu hiyo tumeiruka kwanza.

Mnamo Januari 1974, kamati iliyokuwa ikileta wanafunzi wa ng'ambo kukaa mwaka mzima na familia za hapa iliomba akina mama wa kanisa wajitolee kuwatembelea, na Khavere akakubali. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka kumi na saba kutoka Denmark, Birgit, ambaye mtaa mzima ulimwita Birigita, na aliwekwa mtaa wa Bahati kwa Bwana Ndung'u na mkewe Wacera. Wacera alimtunza kama ambavyo yeyote wetu angemtunza, akampa kiti kikubwa, akampikia chakula chake peke yake, akakataza asiguse hata ufagio, na msichana akawa analia kila siku akitaka kurudi kwao. Wacera alikuja hapa amechanganyikiwa, akauliza wamemkosea nini mtoto wa watu, naye Khavere akamjibu kwamba hawakumkosea, ila ameheshimiwa hadi amechoka, akamwomba wampe akae naye kidogo. Hicho kidogo kikawa mwaka.

Jumapili ya kwanza kuku alichinjwa, na Khavere akamwachia msichana apakue. Katika nyumba ya Patrobas, kama katika nyumba nyingi za kwetu, firigisi ni ya baba, haiulizwi, lakini Birigita aliiweka kwenye sahani yake mwenyewe, akaila, akasema ni tamu. Patrobas alimtazama mkewe, mkewe akautazama ugali. Patrobas alitoka nje akasimama karibu na mfereji, hajui kama amedharauliwa au vipi, na aliporudi alijikuta anamwuliza msichana kama ameshiba. Majirani walicheka jambo hilo mwezi mzima, na ndipo jina likaanza. Katika safu yetu ya nyumba kila mwanamke aliitwa kwa jina la mtoto wake isipokuwa Khavere, na jioni moja Patrobas akasikia mtu akiita Mama Birigita, akashangaa anaitwa nani, hadi mkewe alipoitika.

Tangu hapo hadi mwaka wa 1986 alizunguka Bahati, Kaloleni na Jericho kwa miguu, bila malipo ila chai, akipatanisha wanafunzi na wenyeji wao. Mzee anakiri kwamba hakuielewa kazi ile, lakini alizoea kujipashia chakula moto.

Septemba 1986 alipata kiharusi. Akili yake ikawa inaenda na kurudi, na kila jioni aliuliza kama Birigita ametoka shule, ilhali Birigita alikuwa ameolewa kwao Denmark. Mwanzoni Patrobas alimweleza ukweli, akaona unamliza, basi akawa anamjibu, "Yuko njiani." Khavere alituacha tarehe 19 Februari 1987.

Birigita alipata simu akaja, akafika juzi, na jamaa wakamkalisha na wageni, wakampa soda. Katika kikao wazee wa ukoo walisema mama mzazi wa Birigita yuko hai huko kwao, kwa hiyo historia iseme kwamba marehemu hakujaliwa mtoto, na hatakuwapo mtoto wa kutupa mchanga wa kwanza kaburini. Mzee alipoulizwa alisema hajui, maana Khavere hakuwahi kumwambia kama jina lile lilikuwa mzaha au kweli, naye hakuwahi kuuliza. Ilimuuma sana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Makongeni, wenzake wa kiwandani, akina mama wa kanisa, na familia zote zilizowapokea wanafunzi.

Sasa ile sehemu tuliyoiruka. Alfajiri ya leo Mzee Patrobas alituita akasema, "Mimi sijui mtu huwa mtoto wa mtu namna gani, hiyo mtaelezana nyinyi wazee. Lakini mke wangu siwezi kumzika kama mtu asiye na mtoto. Soma vile nimesema." Wazee hawajakubali, nasi tunasoma.

Marehemu ameacha mume, Patrobas, na mtoto mmoja, Birigita, ambaye anaombwa atoke kwenye viti vya wageni aje huku mbele, akae na baba yake.

Mama Birigita, Mungu akupumzishe kwa amani.