Maiti Haulizwi Ndege

Kaa hapo kwenye benchi, tulia, hii habari haisikilizwi kwa mguu mmoja. Rubani mstaafu, ambaye marubani wenzake walimbandika jina la Bahili, alikuwa kitandani kwake, dirisha wazi ili asikie ndege zikitua. Wanawe wawili walikaa pembeni: kaka mtu, na Kitindamimba, binti yake fundi wa injini za ndege, aliyekuja mbio na ovaroli la kazini, grisi mpaka kwenye kucha. Mzee akamshika mkono huo huo wenye grisi, akaanza.

"Sikilizeni wanangu, msinikatize, pumzi yenyewe ya kuazima. Nyumba hii ni yenu wote wawili, asiuze mtu. Kofia yangu ya kazi mpeni baba yenu mdogo, ameililia tangu ujana, na chuki yetu ya zamani iishie humo humo kwenye kofia. Waliniita Bahili, na kweli nilikuwa bahili, ila wa mafuta. Wenzangu walikuwa wanashuka ngazi ngazi, wanashuka kidogo, wanakoleza injini, wanashuka tena, moshi tu; mimi naomba njia mapema kwa waongoza ndege, napunguza nguvu ya injini huko huko juu, ndege inateremka yenyewe kama mtoto kwenye mtelezo. Siku moja bibi yenu, mama mkwe wangu, yuko kule nyuma, akasikia kimya, akapiga yowe: 'Jamani, mkwe wangu kaishiwa mafuta!' Abiria wote wakaanza kusali. Tulipotua alininunia mpaka nikakoma.

"Chekeni, lakini bandu bandu huisha gogo. Kidogo cha kila safari, kwa ndege zote zilizoko angani, ni wingu zima la moshi ambalo halikuzaliwa. Na nyinyi mmetupita. Binti yangu, mimi nilibana mafuta, wewe unaiosha injini tumboni mpaka inapumua vizuri na kula kidogo. Halafu ukaniambia kuna ndege zinapaa na mafuta yaliyokwisha kukaangia watu chakula, yamesafishwa, yakachanganywa na mafuta ya ndege ya kawaida! Nilishangaa siku nzima. Ningekuvulia kofia, ila nishaigawa.

"Sasa neno lenyewe. Kampuni niliyoirushia ndege imesema nikifa itatoa ndege nzima, inipeleke kijijini nikalale karibu na mama yenu. Ndege nzima, mtu mmoja, na asiyeona hata dirishani! Nilichobana maisha yangu yote mkimwage siku moja? Wanasema maiti haulizwi sanda. Mimi najibu kabla sijaulizwa. Jirani yetu mwenye lori analeta viazi kutoka kule kule, na kurudi anarudi tupu. Nipakieni humo. Lori litakwenda, niwepo, nisiwepo. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota... basi aniokote mimi. Kitindamimba, wewe ndiye msimamizi. Msigombane. Mungu awape... awape njia nyeupe, wanangu... mshuke... taratibu..."

Pumzi ikateremka kimya kimya, na safari hii hakuna aliyepiga yowe.

Siku ya kumsafirisha, dereva wa lori alikuwa nje ya geti, kafagia mpaka kwenye kona, kiazi hata kimoja hukioni. Mara baba mdogo akaingia. Kampuni ilikuwa imemfuata kijijini kwa ndege ile ile. Wakampa kofia. Akaivaa, ikamkaa sawasawa, akalia kama mtoto. Kisha akaliona lori.

"Kapteni mzima abebwe kama gunia? Mnataka kutuchekesha?"

"Ni wosia wake, baba mdogo."

"Wosia naujua, nimesimuliwa. Alisema apande chombo kinachokwenda tupu, si ndiyo? Ile ndege inanirudisha nyumbani leo, niwe na kaka, niwe peke yangu. Nayo itakwenda, awepo, asiwepo!"

Kaka mtu akainamisha kichwa: hapo mzee kafungwa kwa kamba yake mwenyewe.

"Basi panda lori na sisi," Kitindamimba akasema, "ndege ilale hapa hapa uwanjani."

Baba mdogo akavua kofia, akamnyooshea. "Mkimpakia kaka kwenye hilo lori, hii chukua. Na undugu wetu uzikeni nayo."

Jeneza katikati. Upande huu dereva kawasha lori, upande ule simu ya baba mdogo inaita, rubani anauliza wako wapi. Kitindamimba anaitazama kofia, anautazama mkono wake ambao baba yake aliushika ukiwa na grisi.

Haya, wewe uliyekaa hapo. Ungekuwa wewe, baba yako ungempandisha wapi?