Ushindi wa Arobaini na Tano

Benchi letu liko ndani ya barabara ya maduka ya Yuzawa, ile yenye paa, mbele ya duka la vinyago ambalo halijainua mlango wake wa chuma tangu mwenyewe ahamie kwa binti yake. Ubavuni kuna mashine inayotema kahawa ya moto ya makopo, na hiyo ndiyo inayotukalisha, maana Februari huku hakuna mwenye akili anayekaa nje bure. Mimi nauza miwani duka la pili, wananiita Macho. Mwalimu ni Hatakeyama, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na nane na mpaka leo hajaacha. Bibi Tofu ni mzee Oyamada, anauza tofu, lile jibini la soya, na habari za watu, tofu ikiisha zinabaki habari. Dobi ni Tateno, mwenye umri wa miaka arobaini na moja na pasi ya mvuke, na ndiye aliyetufanya tuyajue majina ya mazimwi ya kwenye gemu kuliko ya wajukuu wetu. Wa tano alikuwa Isogai, dereva wa basi la hospitali. Isogai alifariki mara tu baada ya mwaka mpya.

Jumatano moja ya Februari Dobi alikuwa na shida. Alikuwa ameshinda raundi zote tatu za mashindano ya gemu hiyo mtandaoni, akaitwa fainali za kanda kule Sendai, Jumapili. Amejaribu tangu ana miaka kumi na minane, na barabara yetu haijawahi kupeleka mtu popote kwa jambo lolote. Timu inataka mazimwi sita, na majina yapelekwe siku hiyohiyo kabla ya saa kumi alasiri. Anao watano: ndege wa umeme, farasi wa moto, na wengine watatu ambao Mwalimu amewapigia hesabu mpaka tarakimu ya mwisho ya kasi zao. Watano hao ni wakali, lakini mpinzani akiita mvua uwanjani wanakufa wote kama sisimizi. Anayekunywa mvua akanenepa ni mmoja tu, Daikoni, zimwi jeupe lenye umbo la figili, nalo lilikuwa la Isogai.

Halikuwa wizi. Isogai akiwa wodini alimpa Dobi neno la siri la ghala lake la mtandaoni, akamwambia amlee Daikoni. Kwa hiyo ruhusa ilikuwapo. Kilichomzuia Dobi ni kitu kingine, na alichelewa sana kutuambia.

— Daikoni anacheza, alisema.

— Si wewe unayemchezesha? Mwalimu akamjibu.

— Mimi sijamgusa. Siku Isogai anakufa alikuwa na ushindi mia mbili na kumi na mbili, nimeandika kwenye kalenda. Jana jioni ana mia mbili hamsini na sita. Kila siku mmoja. Saa tisa na robo.

Hakuna aliyecheka. Saa tisa ndiyo saa aliyokuwa Isogai akishuka zamu, na robo saa ndiyo iliyomtosha kutembea mpaka hapa.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kupata nguvu. Alisema ni mwizi, neno la siri limevuja, wajinga ndio waliwao. Nikamuuliza mwizi gani anavunja ghala lenye mazimwi mia tatu, anachukua moja, anacheza mechi moja, analirudisha mahali pake. Akasema mwizi mwenye nidhamu. Bibi akasema mwizi mwenye nidhamu ni serikali, na akanywa kahawa yake.

— Basi ni mitambo yenyewe, Mwalimu akabadilisha. Ile mitambo mikubwa inayoendesha gemu. Imemsoma marehemu miaka yote, imejua anavyocheza. Saa ambayo wachezaji ni haba, inamtoa yeye kujaza pengo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mwalimu, methali hiyo ni ya kuweka akiba, nikamwambia.

— Na hao si wamemweka?

Mimi si mtu wa mizimu. Nauza miwani, nikiambiwa kitu hakionekani nawaza kubadilisha kioo. Lakini Dobi alikuwa anafinya kopo lake mpaka linatoa mlio, na tulijua bado hajatapika yote.

Alisema anaogopa kwamba ni yeye. Kila siku baada ya chakula cha mchana hulala kidogo nyuma ya pasi, na akiamka saa tisa na nusu vidole gumba vinamuuma. Wiki iliyopita aliifungia mashine yake ya gemu kabatini, ufunguo akampa mkewe. Alipoamka vidole vilimuuma vilevile, na Daikoni alikuwa ameongeza ushindi.

— Unapiga pasi mashati sitini kwa siku, Bibi akamwambia. Vidole visiume kwa nini? Si wewe mwanangu. Ni mwenyewe.

— Bibi, tafadhali.

— Tafadhali nini? Mtu akifa ana siku arobaini na tisa za njiani. Kila siku ya saba anasimamishwa mbele ya hakimu, na ya arobaini na tisa ndiyo ya hukumu ya mwisho. Wewe unadhani huko anakwenda na nani? Mkewe yuko huku, basi lake liko huku. Amechukua anachokijua.

Mwalimu alifurahi, kwa sababu sasa palikuwa na kitu cha kuhesabu. Alikunja vidole, akatazama paa, akatangaza kwamba tangu msiba mpaka leo ni siku arobaini na nne. Ushindi nao ni arobaini na nne, na leo saa tisa na robo ukiongezeka utakuwa arobaini na tano. Hesabu zinapishana kwa moja, basi hakuna uhusiano, ni mwizi tu, na siku za mwizi ni arobaini.

— Siku ya kufa nayo huhesabiwa, alisema Bibi. Hiyo ndiyo ya kwanza. Leo ni ya arobaini na tano. Umesoma sana lakini hujawahi kuzika mume.

Mwalimu alianza upya na vidole, akaishia mahali alipoambiwa. Akauliza ya arobaini na tisa inaangukia lini, ingawa alishajua.

— Jumapili, Bibi akasema. Nyumbani kwake kisomo wamekiweka Jumamosi kwa sababu watu wana kazi. Lakini yenyewe ni Jumapili.

Sasa tatizo la Dobi likasimama wazi mbele yetu, kila mtu akaliona. Zimwi ukishaliandikisha kwenye mashindano, linafungiwa. Haligusiki na mtu yeyote mpaka mechi ya mwisho ya Jumapili jioni, ndiyo kanuni, wasije watu wakalibadilisha njiani. Akimwandikisha Daikoni, saa tisa na robo ya kesho, na ya keshokutwa, na ya Jumamosi, na ya Jumapili, aliyezoea kumchukua atakuta mlango umefungwa.

— Asiyekuwepo na lake halipo, Mwalimu akasema, lakini kwa sauti ndogo. Mwandikishe. Miaka ishirini na tatu, Tateno. Hutaitwa tena.

— Na kama yupo?

— Ndiyo nakwambia hayupo.

— Mwalimu, kama yupo?

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na mbili. Dobi alitoa mashine yake mfukoni mwa koti, akafungua ukurasa wa ghala, akaiweka kwenye goti langu kwa kuwa mimi ndiye Macho. Daikoni alikuwapo, mstari wa kwanza, anapepesa macho kijinga kama kawaida yake. Mikono ya Dobi ilikuwa juu ya magoti, mitupu, na Bibi alikuwa ameukamata mmoja. Barabara nzima haikuwa na mtu. Saa tisa na robo, picha ya Daikoni ikawa ya kijivu, na chini yake yakaandikwa maneno mawili: yuko mechini.

Nilitaka kuitupa ile mashine. Nasema kweli, niliogopa kama sijawahi kuogopa tangu utotoni. Mwalimu alikuwa anasema kitu kuhusu mitambo, lakini alikuwa akiliambia kopo lake. Tulikaa hivyo dakika kumi na moja. Kisha rangi ikarudi, Daikoni akapepesa macho, na tarakimu ikasoma mia mbili hamsini na saba.

Ghala huhifadhi marudio ya kila mechi. Dobi alikuwa hajawahi kufungua hata moja, na sasa aliyafungua ya leo kabla hajajizuia. Pigo la kwanza, Daikoni hakushambulia. Alijikunja, akajikinga. Isogai alikuwa na ujinga huo, miaka yote, hata kwenye mechi aliyokwisha kuishinda: pigo la kwanza hujikinga. Tulimtukana sana kwa hilo. Alikuwa akijibu kwamba mtu haingii nyumba ya watu kabla ya kuvua viatu.

— Ni yeye, Dobi akasema, na akaanza kulia pale pale benchini.

Hatukumwona Chisato akija. Ni mke wa Isogai, mwanamke mdogo wa umbo anayetembea bila kishindo, na alikuwa amebeba mfuko wa majani ya chai yaliyofungwa vizuri, shukrani za msiba, kila nyumba pakiti moja. Alitukuta watu wazima wanne tumekunjamana juu ya kioo, mmoja machozi yanamtoka. Akatuinamia, tukamwinamia, na Mwalimu akaanza uongo wa haraka kuhusu chumvi barabarani inayowasha macho.

— Shemeji, Dobi akamkatiza. Mashine ya gemu ya Isogai, nani anaitumia?

— Hakuna. Iko kwenye madhabahu ya nyumbani, pale na picha yake na bakuli la wali. Haina chaji. Waya wake nadhani niliutupa na maboksi, nimeutafuta mpaka nimechoka. Kwa nini?

Basi Dobi akamwambia. Alimwambia yote, ushindi, saa, pigo la kwanza, mpaka habari ya Sendai na nafasi ya sita. Nilitegemea Chisato apige kelele au atufokee kwa kumchezea marehemu. Alisikiliza huku akipanga upya pakiti za chai ndani ya mfuko. Alipomaliza kuzipanga aliuliza kitu kimoja.

— Anacheza na nani?

Siku zote hizo Dobi alitazama tarakimu ya Daikoni, na leo sisi tulitazama mikunjo ya Daikoni. Hakuna hata mmoja aliyeinua jicho kwenye upande wa pili wa uwanja. Sisi tuliojifanya wapenzi wake hatukuwa tumewaza kwamba mechi ina watu wawili.

Dobi aliirudisha mechi mwanzo. Mahali pa jina la mpinzani palikuwa peupe, wala si dashi wala si nukta. Chini yake walikuwa wamesimama mazimwi sita. Mwalimu akaomba ile mashine. Mwalimu huyu ana daftari la mazimwi yote mia tisa na ushee, na hukariri kasi zao akipiga mswaki. Alitazama la kwanza, la pili, akaenda polepole mpaka la sita, kisha akavua miwani yake, ambayo mimi ndiye niliyemtengenezea na haina kosa lolote.

— Hawa siwajui, alisema.

— Huwajui vipi?

— Hawamo, Macho. Hakuna hata mmoja.

Chisato aliinama akatazama kwa muda. Sijui aliona nini usoni mwa yale madude, maana mimi sikuthubutu kuyatazama mara ya pili. Aliuliza kama mumewe alikuwa ameshinda leo. Dobi akasema ameshinda, ameshinda zote, lakini leo Daikoni alibakiwa na pumzi moja tu.

— Alikuwa hapendi kucheza peke yake, Chisato akasema. Mimi nilikuwa nakataa kujifunza. Nilimwambia ni mambo ya watoto.

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, kwa sababu alilisema kama mtu anayetaja bei ya kitunguu. Bibi alitaka kumpa mkono, akasita. Saa ilikuwa kumi kasoro dakika nane.

Dobi alijifuta uso kwa mkono wa koti, akafungua fomu ya Sendai. Akaweka ndege wa umeme. Akaweka farasi. Akaweka wale watatu. Penye nafasi ya sita mashine ilimuuliza kama ana hakika ya kwenda na watano, na akabonyeza ndiyo. Ikamuuliza tena, maana hata mashine ilimshangaa, akabonyeza ndiyo mara ya pili. Miaka ishirini na tatu. Nilimpenda Dobi wakati ule, na nilimwonea huruma.

— Wenye mvua watakumaliza, Mwalimu akamwambia kwa upole.

— Najua.

— Kwa hiyo Jumapili utashindwa, alisema Chisato.

— Nitashindwa, shemeji. Mapema tu. Hata njaa ya mchana haitanikuta uwanjani.

Chisato akatoa pakiti nne za chai, akatukabidhi mmoja mmoja kwa mikono miwili, nasi tukapokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameshageuka kwenda alipokumbuka, akarudi hatua moja.

— Na yeye, Jumapili?

Mwalimu alianza tena kukunja vidole. Bibi akatazama chini. Chisato alisubiri jibu pale, mfuko mkononi, akitutazama kwa zamu.