Ngazi ya Dalali

Benchi letu limeegemea ukuta wa mbele wa nyumba ya babu, chini ya dirisha la chumba cha juu ambamo shangazi yangu hushonea. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na kila mkaaji ana mahali pake pa kuegemea. Nyuma ya migongo yao kuna maandishi makubwa ya rangi nyekundu ambayo babu aliyapaka mwenyewe, baada ya mpwa wake mmoja kufanya ujanja wakati yeye amelazwa hospitali. Yako chini, usawa wa mgongo wa mtu aliyekaa, kwa sababu babu alikuwa ndiyo kwanza ametoka wodini, hana nguvu za kusimama, akapaka akiwa ameketi kwenye kigoda. Shangazi, wakati ule msichana wa shule, ndiye aliyemshikia kopo la rangi. Siku hizi migongo inayafunika kutwa nzima, na nadhani watu wa benchini wameshasahau kuwa yapo.

Asubuhi hiyo Dalali alikuja na rundo lake la funguo za nyumba za watu, akamwagiza muuza kahawa kikombe kimoja, akakaa katikati. Shangazi anauza nyumba kwa sababu goti lake limegombana na ngazi. Binti yake amempatia nyumba ndogo ya chini, vyumba viwili: kimoja cha kulala, kimoja cha cherehani. Lakini Dalali akichukua anachotaka, pesa itakayobaki haitoshi vyumba viwili, na chumba cha cherehani hakipo. Shangazi alinituma mimi niketi kwa niaba ya familia.

“Kasemee upande wetu,” aliniambia, “lakini usiseme sana.”

Hilo halikunipa tabu. Benchini palikuwa na wengine wa kusema.

Dalali: Mimi naweka wazi mbele ya mashahidi. Kumi kwa mia, na mnunuzi anakuja leo leo. Hamtaki, nampeleka mtaa wa pili. Kule kuna geti la umeme.

Rufaa: Geti la umeme, na umeme wenyewe uko wapi?

Dalali: Geti lipo. Umeme utalikuta.

Rufaa tunamwita hivyo tangu alipoitwa mahakamani kutoa ushahidi juu ya baiskeli ya jirani. Tangu siku ile haongei, anatoa hukumu.

Mimi: Shangazi amesema tatu.

Dalali: Tatu? Hiyo si ya udalali, hiyo ni ya kung'arisha viatu! Nimetembea, nimeongea, nimetabasamu mpaka mashavu yameuma. Unadhani kutabasamu mbele ya choo kinachovuja ni mchezo?

Dirishani cherehani ikanyamaza.

Shangazi: Choo changu hakivuji! Kinatoa jasho!

Cherehani ikaendelea. Hapo ndipo Kipimo, fundi wetu wa plasta, alipoweka kikombe chini na kuvuta futi yake ya chuma kutoka mfukoni. Futi hiyo hupima kila kitu, hata maneno ya watu.

Kipimo: Jamani, mbona mnapigizana kelele bure? Huyu bwana anadai sehemu ya kumi ya nyumba. Sivyo?

Dalali: Ya bei ya nyumba.

Kipimo: Ni mulemule. Apewe sehemu ya kumi ya nyumba. Tunapima, tunakata, anachukua kipande chake, tunaagana.

Kabla hatujamjibu alishaingia ndani. Tulimsikia akisogeza viti na kumwomba shangazi ainue miguu. Alirudi na utando wa buibui kichwani.

Kipimo: Nimepima yote, sikumwonea mtu. Sehemu ya kumi ya nyumba hii ni ngazi.

Nilimsahihisha. Ngazi haikuwamo katika nyumba ya kwanza. Babu aliijenga pamoja na chumba cha juu, shangazi alipoanza kushona, kwa kuwa bibi hakuweza kusali na kelele za cherehani.

Kipimo: Vizuri zaidi. Kitu kilichoongezwa kinakatika kirahisi.

Dalali: Sasa mimi nitafanya nini na ngazi?

Rufaa: Utatoza nauli. Kupanda bei kamili, kushuka nusu.

Dalali: Kushuka nusu kwa nini?

Rufaa: Anayeshuka anasaidiwa na uzito wake mwenyewe.

Muuza kahawa: Na mtu akishafika juu, akakumbuka amesahau miwani chini?

Rufaa: Huyo ndiye faida.

Niliona Dalali anakuna kidevu. Kwa muda kidogo alilitazama dirisha la juu kama mtu anayehesabu abiria.

Dalali: Hapana. Mnunuzi hawezi kukubali nyumba ambayo ngazi yake ni ya mtu mwingine.

Kipimo: Basi muuzie ngazi.

Dalali: Hapo umesema! Nyumba anainunua kwa mama, ngazi anainunua kwangu.

Rufaa: Taratibu. Sheria hairuhusu dalali kujiuzia mali yake. Lazima uwe na dalali.

Dalali: Sheria gani hiyo?

Rufaa: Ipo. Niliisikia mahakamani kwa masikio yangu haya, siku ya baiskeli.

Muuza kahawa: Kama ni dalali wa ngazi, mimi nipo. Kumi kwa mia.

Dalali: Wewe? Wewe unajua nini kuhusu udalali?

Muuza kahawa: Wewe ulipajuaje hapa? Ulikuja kunywa kahawa, ukasikia mama anauza. Mimi ndiye niliyekuleta, na sijakudai kitu mpaka sasa. Nimekuwa na subira sana, ndugu yangu.

Kipimo: Kumi kwa mia ya ngazi ni kidato kimoja na kipande kidogo cha kushikia mkono.

Muuza kahawa: Nachukua kidato cha chini kabisa.

Dalali: Chagua cha juu, bwana, cha chini kina ufa!

Muuza kahawa: Ufa si neno. Kila mtu anaanzia hapo. Asiyekanyaga changu hafiki kwako.

Dalali alisimama, akakaa, akasimama tena.

Dalali: Yaani umenifungia njia? Abiria wangu watapitia wapi?

Muuza kahawa: Waruke.

Dalali: Nakinunua hicho kidato! Bei gani?

Rufaa: Huwezi kukinunua hivihivi. Kupitia kwa nani?

Wote tulimgeukia Rufaa, naye alikuwa ameshanyoosha mkono wa kupokea.

Rufaa: Mimi natoza kumi kwa mia ya kidato.

Kipimo: Hiyo ni kama upana wa kiganja.

Rufaa: Kiganja changu kiwe katikati, pale mguu unapotua.

Hapo ndipo cherehani iliponyamaza kwa mara ya pili. Kichwa cha shangazi kilitokeza dirishani, pini mdomoni. Akazitoa pini moja moja.

Shangazi: Kwa sasa hivi, ngazi yangu ni ya nani?

Vidole vyote vikamwelekea Dalali.

Shangazi: Vizuri. Basi goti langu liko mikononi mwako, baba. Ngazi hiyo ndiyo iliyolila. Lete pesa ya daktari, ya dawa ya kuchua, na ya mtu wa kunichua.

Dalali: Mama yangu, goti liliharibika kabla ngazi haijawa yangu!

Rufaa: Ngazi inahama na makosa yake.

Dalali: Sheria gani tena?

Rufaa: Ileile.

Shangazi: Na usiku nikitaka kushuka uani, uje unishike mkono. Mimi sipandi wala sishuki kwenye mali ya mtu bila mwenyewe kuwepo.

Akarudisha kichwa ndani. Dalali alikuwa ametokwa na jasho kuliko choo.

Dalali: Sikilizeni. Saba kwa mia. Ngazi yenu chukueni.

Kipimo akavuta futi, akaitazama.

Kipimo: Saba ni choo na ujia wake.

Dalali: Sita!

Kipimo: Choo bila ujia. Utaingilia dirishani.

Dalali: Tano!

Kipimo: Choo, lakini si chote.

Rufaa: Upande gani?

Hapa hata mimi nilifikiri. Upande wa mlango una faida zake, na upande wa pili una zake, na muuza kahawa alisema yeye angechukua wa mlango, kwa sababu zilezile za kidato.

Dalali: Nne! Nne, mniache!

Kipimo: Nne ni jiko, pembe ya moshi.

Dalali: Tatu! Tatu ya pesa! Pesa ya karatasi, ya kuweka mfukoni! Sitaki kumiliki chochote katika nyumba hii, hata msumari!

Nilimpa mkono kabla Kipimo hajasema tatu ni nini. Rufaa alitangaza kuwa shauri limekwisha na kwamba kiganja chake anakisamehe. Muuza kahawa alikiachia kidato, ila kwa huzuni. Niliinua uso dirishani.

Mimi: Shangazi! Tatu!

Shangazi: Kwa hiyo chumba cha cherehani kipo?

Mimi: Kipo.

Nilitegemea vigelegele. Cherehani ikaanza tena, polepole, kama mtu anayeshona kitambaa asichotaka kukimaliza.

Muuza kahawa alipindua birika tukaona halina tone. Kahawa ikiisha, benchi hufungwa, kwa hiyo tuliinuka wote kwa pamoja, tukinyoosha viuno na kupongezana, na ukuta ukabaki wazi.

Mnunuzi alitufikia tukiwa bado tumesimama. Ni mama wa makamo, mkoba kwapani, mpole, asiye na haraka. Alishaiona nyumba mara mbili, lakini mara zote mbili Dalali alimwingiza kwa mlango wa uani, ili aanze na maua. Leo alikuwa amekuja peke yake, kwa njia ya mbele.

Dalali: Karibu, mama! Karibu nyumbani kwako!

Mama yule hakuupokea mkono wake. Alikuwa anatazama katikati yetu, ukutani, midomo ikicheza kidogo kama ya mtu anayesoma.

Mnunuzi: Samahani, wenyeji. Hapa pameandikwa NYUMBA HII HAIUZWI.

Tuligeuka wote kuutazama ukuta.

Mnunuzi: Sasa nauliza tu. Inauzwa, au haiuzwi?

Dalali akamtazama Rufaa. Rufaa, ambaye ana sheria ya kila kitu, akamtazama Kipimo. Kipimo akavuta futi yake, akaiangalia, akaiachia ikarudi kwa kishindo. Kisha wote wakanitazama mimi.

Nilijua mengi kuhusu maandishi yale. Nilijua kuwa brashi ilikuwa ya kupakia chokaa, ndiyo maana herufi ni nene. Nilijua kuwa babu alipumzika baada ya neno la kwanza akaomba maji, na kwamba neno la mwisho limepanda juu kidogo kwa sababu alikataa kushikwa mkono. Nilijua kuwa shangazi alichafua sare yake ya shule kwa rangi ile na bibi hakumgombeza. Niliyaangalia yote hayo, na humo ndani hamkuwa na jibu la mama yule.

Dalali (kwa kunong'ona): Sema kitu. Wewe ndiye wa familia.

Cherehani ikanyamaza. Tukangoja shangazi aseme neno kutoka dirishani, kama alivyokuwa akisema tangu asubuhi. Tulichosikia ni kiti kikisogezwa, kisha mguu mmoja kwenye ngazi. Kimya. Mguu wa pili.

Wa kwanza kukaa alikuwa Dalali. Alirudi nyuma polepole, akaketi na kuegemea palepale penye neno la mwisho. Rufaa akamfuata, kisha Kipimo, kisha mimi, tukabanana bega kwa bega mpaka maandishi yakafunikwa. Mama yule alibaki amesimama mbele yetu na swali lake, akisubiri kwa adabu.

Dalali (bila kufungua meno): Mimina kahawa.

Muuza kahawa akainamisha birika tupu juu ya vikombe vyetu, kimoja baada ya kingine. Tukanywa, huku ndani mguu ukishuka kidato kimoja, ukapumzika, ukashuka kingine.