Mkalimani wa Soko la Mbuzi Mwingi: Marehemu Kimeu Ndululu, 1963–2025

Kimeu Ndululu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 karibu na soko la Kanyangi, Kitui, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ndululu Musyimi na marehemu Mama Kathini. Alipokuwa na miaka minane, baba yake na baba yake mdogo waligombana juu ya jembe, wakawa hawasemezani, na Kimeu ndiye aliyebeba maneno yao kutoka boma moja hadi lingine. Siku moja baba mdogo alifoka, “Mwambie baba yako hilo jembe si lake, alirudishe kabla sijaja na wanaume!” Kimeu alifika nyumbani na kusema, “Baba, baba mdogo anauliza kama umemaliza na jembe.” Jembe lilirudi jioni hiyo hiyo. Familia iliicheka hadithi hiyo kwa miaka mingi.

Alisoma shule ya msingi Kanyangi kuanzia 1970 hadi 1977, kisha akaenda Makueni kwa masomo ya sekondari, akamaliza mwaka wa 1981. Hesabu haikumpenda, lakini lugha zilimpenda. Mwaka wa 1983 alipata cheti cha biashara huko Machakos. Hakuwahi kuona haya kumuuliza mtu jina la kitu, hata kama mtu huyo alikuwa mdogo kwake.

Mwezi Februari 1984 aliajiriwa Mwingi katika duka la jumla la Mzee Ahmednasir Keinan, ambaye familia yake ilitoka upande wa Garissa. Mzee huyo alikuwa na kijana wa rika la Kimeu, jina lake Mahad. Wawili hao walilala stoo moja kati ya magunia ya sukari, wakala sahani moja, na baada ya miaka mitatu Kimeu alizungumza Kisomali hadi wateja wakageuka kuangalia ni nani. Mahad alimwita walaal, yaani ndugu. Duka lilipoingia katika biashara ya mifugo, Kimeu akawa dalali na mkalimani sokoni. Wakamba wenzake walimtania: “Wewe Kimeu, ukifa tukuzike Kanyangi ama Garissa?” Naye aliwajibu, “Nizikeni hapa sokoni, niendelee kusikia bei.”

Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa kanisani na Kaluki wa Wote, Makueni. Mahad alisimama nje ya kanisa mpaka ibada ikaisha, halafu akawa wa kwanza kumshika bwana harusi mkono. Mungu aliwajalia Kimeu na Kaluki watoto wawili, Kathini, aliyepewa jina la nyanya yake, na Mutisya.

Mwaka wa 2012 kampuni ya nyama kutoka Uholanzi ilianza kununua mbuzi Mwingi, na mwakilishi wake, Bwana Pieter, alimwajiri Kimeu. Hii ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Hakutafsiri maneno peke yake, alitafsiri watu. Bwana Pieter alikuwa akitazama saa mara tano kwa kikombe kimoja cha chai.

“Kimeu, hawa watauza ama hawatauza?”

“Watauza. Maliza chai.”

“Nimemaliza.”

“Basi maliza na ya pili. Hawajauliza habari za mama yako bado.”

Na wauzaji walipoudhika kwa ukali wa mgeni, aliwatuliza: “Msichukue moyoni. Kwao mtu akisema mbuzi wako amekonda, amemsema mbuzi. Hajakusema wewe.” Kwa miaka miwili hakuna aliyegombana.

Wasifu huu hautaficha lililofuata, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza lisifichwe.

Wafanyabiashara kutoka kaskazini wana desturi yao ya kupatana bei. Muuzaji na dalali hushikana mikono chini ya shuka, na vidole ndivyo vinavyotaja bei. Wanaosimama kando hawajui kitu. Mwenye shida anaweza kuuza rahisi bila soko lote kujua kwamba ana shida. Bwana Pieter hakuipenda desturi hiyo. Kwao jambo la haki husemwa hadharani, na linalofichwa lina hila ndani yake. Asubuhi ya tarehe 20 Agosti 2014, mbele ya wanunuzi wengine na madereva wa malori, Mahad alimpa Kimeu bei yake chini ya shuka. Bwana Pieter akasema, “Mimi sinunui kitu nisichokisikia. Amesema ngapi?”

Kimeu akaitaja kwa sauti.

Ilikuwa bei ya mtu aliyebanwa. Mzee Ahmednasir alikuwa hospitalini, na Mahad alihitaji kuuza siku hiyo. Mmoja wa wanunuzi akacheka. Mahad aliondoa shuka, akalikunja polepole, akasema, “Kimeu, umenivua nguo.” Hakumwita ndugu. Aliondoka na mbuzi wake wote.

Kimeu aliyejua tangu utotoni lipi la kufikisha na lipi la kuacha njiani, siku hiyo alifikisha lisilofaa. Alipofika nyumbani alisema alikuwa amesema ukweli tu, na ukweli si kosa. Familia ilimuunga mkono. Familia ilikosea. Siri ya mwenzako si mali yako ya kutoa, hata anayeiuliza akiwa mwajiri wako, na hata ukiitoa bila kuongeza neno.

Baada ya wiki tatu wazee watatu walifika nyumbani kwa Kimeu, wametumwa na Mahad. Walikaribishwa chai. Mkubwa wao alianza kwa mbali, kwa habari za mvua na malisho, na Kimeu, aliyewahi kumfundisha Mzungu kungoja kikombe cha pili, hakungoja. Alidhani wamekuja kumtoza faini. Kanisani alikuwa amefundishwa kwamba aliyekosewa humwendea aliyemkosea, wawili peke yao, wakayamaliza.

“Mahad ana miguu,” alisema. “Akiwa na neno aje mwenyewe, kama mwanamume.”

“Tumekuja ili asilazimike kuja,” mzee alimjibu.

“Basi mwambieni namngoja.”

Wazee walisimama, chai ikabaki nusu. Alingoja kweli. Kila siku ya soko alikaa mahali ambapo Mahad angemwona kwa urahisi akitaka. Mahad alipita upande mwingine.

Wauzaji wengine nao walianza kujitenga naye. Walisema aliyetoa siri ya rafiki yake atatoa na ya mtu baki, na hakuna aliyeweza kuwakanusha. Mwaka wa 2016 kampuni ilihamia nchi nyingine. Bwana Pieter aliaga kwa barua pepe ya mistari mitatu, yenye adabu, isiyouliza habari za nyumbani. Tarehe 3 Juni 2018 Mungu alimchukua Kaluki. Hibaq, mke wa Mahad, alikuja kuomboleza na wanawake wa kwao, Mahad hakuonekana. Watoto walikuwa Nairobi kazini. Kimeu alirudi Kanyangi akalima ndengu. Mtu mwenye lugha nne akawa anamaliza siku tatu bila kutumia hata moja. Kathini alipompigia simu na kumuuliza anaendeleaje, alikuwa akijibu, “Niko. Wewe endelea na kazi.” Nasi tuliendelea na kazi.

Mwezi Novemba 2024 alipatwa na kiharusi, akalazwa Kitui. Mkono wa kushoto ulilegea lakini ulimi ulibaki. Wodini alihudumiwa na muuguzi aliyeitwa Nasteho. Aliposoma jina la mgonjwa kwenye faili, alimwambia yeye ni binti wa Mahad. Kimeu alimuuliza kama baba yake bado ana hasira.

“Mzee, si hasira. Wewe uliwarudisha watu wake.”

“Walikuja kudai.”

“Kudai nini? Kwetu aliyeaibishwa mbele ya watu haji peke yake, ataaibika mara ya pili. Wale walikuja uwaambie tu kwamba hukukusudia. Ungewaambia hivyo, yangeisha siku ile.”

 Baada ya siku mbili Kimeu alimwita mdogo wake, Mulinge, akamwambia, “Tafuta watu watatu waende kwa Mahad. Mimi nisiende. Waende watu.” Tarehe 18 Januari 2025 Mulinge, Mchungaji Nzuki na jirani, Mzee Kisilu, walienda Mwingi. Walikunywa chai yote. Walisema Kimeu amekiri kosa na hakukusudia. Mahad aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Miaka kumi nimengoja watu watatu.” Akaahidi kuja.

Tarehe 20 Februari kiharusi cha pili kilichukua ulimi wa Kimeu. Mahad alikuwa safarini Garissa, alifika Kanyangi tarehe 3 Machi. Kathini alimletea chai, Mahad akaomba radhi kwamba amefunga, ni Ramadhani. Kathini aliona haya, naye Mahad akamwambia, “Nyumba inayokaribisha haina kosa.” Aliingia chumbani akakaa kando ya kitanda, akazungumza kwa Kisomali karibu saa nzima, taratibu, akinyamaza hapa na pale kama mtu anayepewa majibu. Kimeu alimtazama bila kuyaondoa macho. Sisi tuliokuwa chumbani tulisikia kila neno, na hatukuelewa hata moja. Katika nyumba ile mtu mmoja tu angeweza kututafsiria, na ndiye aliyekuwa akiambiwa.

Mulinge alimsindikiza Mahad hadi barabarani, wala hakumuuliza alisema nini. Hilo lilikuwa la wawili wao.

Marehemu aliaga dunia nyumbani kwake tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, siku tatu kabla ya kutimiza miaka sitini na miwili.

Ameacha binti yake Kathini, mwanawe Mutisya, wajukuu wanne, na mdogo wake Mulinge. Amemwacha pia Mahad Ahmednasir Keinan wa Mwingi, na familia imekubaliana kwamba aandikwe hapa kama ndugu.

Kimeu, umefikisha yote uliyotumwa. Mungu akupe pumziko lenye amani.