Madam Winfred na Maji Yaliyokaa na Mayai

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo ninamkumbuka Mwalimu Winfred Kathambi. Alizaliwa mtaa wa Dallas, mjini Embu, akaolewa kijijini Ruiri. Alifundisha bayolojia miaka kumi na tisa. Alituacha tarehe tatu mwezi huu, akiwa na miaka arobaini na saba. Miezi yake ya mwisho hakuwa akiona.

Wiki jana nilienda kwake Ruiri. Mumewe, Bwana Kaburu, ni dereva wa lori. Hupeleka kabichi na viazi Mombasa. Aliniwekea chai, akasahau kuweka sukari, kisha akaanza kuongea.

Mwalimu alikuwa na kisukari. Januari daktari alimwambia jicho la kushoto limekwisha, na la kulia lina miezi michache. Kaburu akamuuliza angependa kuona nini kabla giza halijaingia.

"Nilidhani atasema mtoto wetu Kathure, aliye kazini mbali," Kaburu aliniambia. "Akasema anataka kuona mbegu za kiume za mnyama wa baharini. Nikafikiri sukari imepanda kichwani."

Haikuwa sukari. Miaka mingi nyuma, mwanafunzi alimuuliza swali darasani. Yuko mnyama wa baharini, mviringo, mwili mzima miiba. Dume na jike hawagusani. Dume humwaga mbegu majini, jike humwaga mayai majini. "Sasa Madam, na bahari ni kubwa, mbegu inajuaje pa kwenda?" Mwalimu akajibu: kwa bahati.

Baadaye alisoma kwamba si bahati. Yai huachia kemikali kwenye maji. Mbegu ikiipata, hugeuza mkia, ikazunguka na kuelekea inakotoka kemikali hiyo. Yai huita, wasikilizaji. Yai huita, na mbegu husikia. Mwalimu aliumia kwamba alikuwa amewafunza watoto wa watu uongo. Alitaka kuona mwenyewe. Bahari hakuwahi kuikanyaga, na sasa hakuwa na nguvu ya safari.

Basi Kaburu akaenda. Februari alinunua wanyama kumi kwa wavuvi, akawatia kwenye ndoo ya maji ya bahari. Kabla ya kufika Mtito Andei, bado njiani, wote walikuwa wamekufa. "Maji yalinuka hata turnboy, msaidizi wangu wa lori, akashuka. Nilimwaga kando ya barabara, nikalia."

Aprili aliwafunga kwa magazeti yaliyoloweshwa maji ya bahari, na chupa za barafu pembeni. Saba wakafika Ruiri wakiwa hai. Mwalimu alikuwa na sindano nyingi za insulini. Kwa sindano hizo akawadunga dawa ya chumvi kutoka maabara ya shule, ile inayowafanya wamwage. Wote saba wakamwaga mayai. Wote saba walikuwa majike. Hakukuwa na dume hata mmoja.

Juni Kaburu alikuwa Mombasa, wanyama tayari kwenye lori, simu ikalia. Alikuwa mkewe.

"Baba Kathure, rudi tu. Usisumbuke nao tena. La kulia limeenda jana."

Kaburu aliniambia alishika funguo akashindwa kuwasha gari. "Ningerudi na nini? Ningerudi mikono mitupu niketi nimwangalie?" Akaja nao.

Alifika saa nne asubuhi. Njiani alikuwa amempitia Bi Gladys Gatakaa, anayesimamia maabara ya shule, wakaja na hadubini. Wakaiweka mezani, karibu na kitanda. Gladys akawadunga wanyama dawa ile. Safari hii madume wawili walikuwepo. Madume wakatoa majimaji meupe kama maziwa, na majike wakamwaga mayai kwenye bakuli la maji ya bahari. Gladys akaweka tone moja la majimaji hayo chini ya hadubini.

"Gladys, unaona nini?" Mwalimu akauliza.

Gladys akarekebisha lenzi, akachungulia tena.

"Usiniambie kitu cha kunifurahisha. Sema unachoona."

"Madam, zimesimama. Hazitembei hata moja."

Kaburu alitoka nje. Mara tatu Mombasa, na zimesimama. Alipiga teke gurudumu la lori mpaka kiatu kikapasuka. Kupitia dirisha akamsikia mkewe akimwambia Gladys:

"Zimechoka na njia. Chukua yale maji yaliyokaa na mayai. Usichukue mayai, chukua maji tu. Tone dogo, pembeni."

Kaburu akarudi ndani. Gladys akafanya hivyo. Wakangoja.

"Moja imetingisha mkia," Gladys akasema. "Madam, ni nyingi. Ni nyingi sasa! Zinazunguka."

"Weka yai moja. Zinaenda wapi?"

"Zinapita... hapana, zinageuka. Zinarudi. Zinalizunguka yai pande zote, Madam."

Mwalimu aliinua mkono wake hewani, akachora mviringo kwa kidole. "Hivi?"

"Hivyo. Lakini kila mviringo unasogea karibu."

Mwalimu akachora tena, mviringo mdogo zaidi. Alilia kwa macho yale yasiyoona.

Wasikilizaji wapendwa, nisingependa kuwadanganya kwamba mambo yaliishia pazuri. Figo zilifeli mwezi uliofuata. Alikuwa na maumivu na alikuwa na hofu. Usiku aliuliza kama kumekucha, na mchana pia aliuliza hivyohivyo. Alizikwa Alhamisi, hapo Ruiri.

Nilimuuliza Kaburu mbegu zile zinafanana na nini.

"Mimi sijui," akajibu. "Gladys alinipa nafasi nichungulie. Sikuchungulia. Nilikuwa namwangalia Mama Kathure."

Kwako Bwana Kaburu, kwako Kathure, na kwa familia yote ya Ruiri na Embu, poleni sana. Poleni pia walimu wenzake. Nawe unayenisikiliza, fikiria leo jambo moja ambalo umekuwa ukiwaambia watu kwa uhakika, na hujawahi kulitazama. Mwalimu Winfred Kathambi alikubali kwamba alikosea, akalitafuta jibu mpaka macho yakamwishia.

Tunyamaze kidogo kwa ajili yake.