Quim Bofarull na Jiko la Mama Mkwe

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwashusha watu ngazi na kuwapandisha salama, Bwana Quim Bofarull anastaafu kazi ya kuongoza wageni katika makumbusho yetu ya magofu ya Kirumi yaliyo chini ya ardhi hapa Tarragona. Mimi nimekaa kwenye dirisha la tiketi karibu muda wote huo, kwa hiyo nimemsikia akianza ziara mara nyingi kuliko mkewe alivyomsikia akikoroma.

Aliajiriwa kama mlinzi wa mlango, lakini mlangoni hakukaa. Wageni walimkosa juu wakamkuta chini, akiwaonyesha wenzao mfereji wa maji wa Warumi na kuwasihi wainamishe vichwa. Mkuu wa wakati ule aliona heri ampe kazi ambayo tayari alikuwa anaifanya. Quim ndiye aliyeanzisha ziara za wasioona, ambao kwetu huruhusiwa kugusa mawe. Ndiye pia aliyejigonga kwenye tao la ngazi kila mwaka, mara tu baada ya kuwaonya wengine. Mganga hajigangi.

Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi. Mama mkwe wake, Bibi Assumpta Grau, alizaliwa katika nyumba iliyokuwa juu ya magofu yetu. Ilibomolewa ili wachimbaji wawafikie Warumi, naye akahamishiwa ghorofani nje ya mji. Kisha binti yake akaolewa na mtu anayekula mshahara wa Warumi hao hao! Kila majira ya baridi, familia ikikusanyika kuchoma vitunguu virefu, bakuli la mchuzi wa lozi lilimruka Quim. "Waombe Warumi wako wakupe," bibi alimwambia. Quim alimwalika makumbushoni kila mwaka, na kila mwaka alijibiwa kwamba mtu haendi kumwamkia aliyemfukuza. Mbele yetu alicheka, ila lilimuuma. Alitamani amshushe magofuni kabla ya kustaafu.

Mwezi uliopita bibi alifika dirishani kwangu bila taarifa, akakata tiketi kama mgeni yeyote, akaniambia, "Wewe nyamaza," kisha akajipenyeza nyuma ya kundi la walimu kutoka Lleida. Nilimwachia mwenzangu dirisha nikamfuata. Nani angekaa?

Kwenye ukuta wa mwisho, mahali anapomalizia kila ziara, Quim alinyoosha kidole darini. Akawaambia, kama alivyowaambia wageni wake miaka yote, kwamba hapo juu palikuwa na jiko la akina Grau, kwamba watu hao waliondolewa ili sisi tuyaone mawe haya, na kwamba asiyewakumbuka ameuona mji nusu.

Bibi hakuwa akijua kwamba jiko lao hutajwa. Quim hakuwahi kumwambia, akihofia ataonekana anajipendekeza.

"Na dirisha lilitazama baharini," bibi alisema kutoka nyuma.

Quim aligeuka. Walimu walimzunguka bibi kwa maswali: mlikuwa mkipika nini, maji mkichota wapi. Warumi walisahaulika kabisa. Alipochoka kujibu, alimshika Quim mkono.

"Na ukiondoka wewe, mwanangu, nani atawaambia?"

Nilimwona Quim akifuta macho. Jibu tunalo sisi. Waongozaji wote wamekubaliana: ziara itaishia pale pale, na jina la akina Grau litatajwa.

Asante, Quim. Nenda kapumzike, na maisha yawe mema kwako na kwa mama mkwe wako.